Ekari tatu za motomoto na ndago: uchambuzi wa kisa cha shamba moja Kigamboni

Shamba na wenyewe

Majina, kata na mwaka nimeviacha nje. Shamba liko upande wa Kigamboni, mbali na lami, ekari tatu hivi, juu kichanga na chini mawe ya matumbawe. Mwenyewe ni mstaafu wa serikali. Alilinunua akiwa bado kazini, akapanda minazi na mikorosho michache, kisha akaliacha misimu kadhaa akisubiri kiinua mgongo. Nitamwita Mzee, na mkewe nitamwita Mama. Anayelala shambani nitamwita Kijana, ingawa ana watoto wawili na mvi zimeanza kumchungulia.

Mimi ni mtu wa ugani. Waliniita mwezi wa Juni, masika yamekwisha, na walikuwa wameshahangaika na magugu miezi minane. Kwa hiyo mengi ya kabla ya Juni niliyasikia kwao, wakibishana mbele yangu nani alishauri nini. Nilichokikuta kwa macho yangu ni madumu matupu, mabaka meusi kwenye mstari wa uzio, na majani.

Majani yalikuwa ya kila namna: kishona nguo, mbigili, kongwe. Hayo ni ya kawaida, jembe linayamudu. Yaliyoleta kisa ni mawili. Upande wa juu, chini ya minazi, kulikuwa na motomoto. Jani lake husimama wima, kingo zake hukata kiganja, na ukilitazama vizuri uti wake mweupe haukai katikati, umeegemea upande mmoja. Likichanua hutoa mkia mweupe kama pamba. Upande wa nyumba, pale Mama alipotaka bustani ya mboga, kulikuwa na ndago. Ukiikamata shina na kulizungusha kati ya vidole unahisi pembe tatu. Nyasi za kweli hazina pembe hizo.

Miezi minane ya kumwagia

Mwezi wa Novemba lililetwa trekta, mvua za vuli zimelainisha ardhi. Likapiga haro mara mbili pale bustanini, udongo ukawa laini kama unga. Mzee alikaa na furaha wiki tatu. Ndago iliporudi ilirudi imesongamana kuliko mwanzo, na Mama akamlaumu dereva kwamba ameleta mbegu kwenye magurudumu.

Januari, jua la kaskazi likiwa kali, Kijana alilichoma motomoto. Makuti ya minazi miwili yaliungua, nyasi ikabaki jivu, na kwa siku kumi shamba lilionekana safi. Kisha yakachomoza machipukizi mekundu yenye ncha, na muda si mrefu ile mikia meupe ikawa imejaa kila mahali, mbegu zinaruka na upepo. Motomoto huungua juu tu. Sehemu iliyo hai iko chini ya udongo, na moto huichochea ichanue.

Februari zikaja dawa za nyumbani. Mtoto wao wa kiume alituma kwenye kundi la familia maelezo ya mchanganyiko wa siki, chumvi na sabuni ya maji. Mama akanunua madumu ya siki Kariakoo na mfuko mzima wa chumvi ya mawe. Wakamwagia saa sita mchana, na ilipofika jioni majani yamekauka rangi ya kahawia. Kila mtu alisifu. Mzee alinionyesha picha aliyopiga siku ile kwenye simu, na kwa kweli inapendeza. Siku ya kumi na mbili ndago ilikuwa imechipua tena, kijani kibichi, katikati ya majani yake yenyewe yaliyokufa.

Kijana akaona dawa imepungua nguvu. Alipokuwa akichanganya ndoo ya pili, ndani ya stoo na mlango ameusukumia ili kuku wasiingie, aliongeza jiki ya kufulia. Hakumwambia mtu. Siki na jiki vikikutana hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika vitani kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Mama alimsikia akikohoa kama mtu aliyepaliwa, akamkuta ameinama, macho yanachuruzika. Alimvuta nje kwa shati. Zahanati ilimwangalia hadi jioni, akarudi. Nilipomuuliza, alisema, "Dada, nilifikiri kinachong'arisha shati kitaua jani."

Pia kulikuwa na oili chafu, aliyopewa na fundi pikipiki, ikamwagwa kwenye mstari wa uzio. Hapo palikaa peusi.

Machi walihamia dukani. Mzee aliingia duka la pembejeo akasema anataka dawa ya majani. Muuzaji hakuuliza majani gani. Alimimina kutoka kwenye galoni, akajaza chupa ya maji ya kunywa, akafunga kizibo, akaeleza kwa mdomo: vifuniko viwili kwa bomba la kupulizia. Hapakuwa na lebo wala jina. Kijana alikumbuka kitu kimoja tu, kwamba ilinuka kama sakafu ya hospitali. Alipulizia saa kumi jioni, upepo wa baharini unavuma. Kishona nguo ilijinyonganyonga ikafa. Motomoto haikubadilika hata rangi. Ila baada ya wiki moja na nusu, mipapai ya jirani ilianza kukunja majani ya juu, membamba na yaliyopinda kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi.

Jirani, mama mmoja anayeuza mapapai yake mwenyewe kivukoni, kwanza alidhani ni virusi. Baadaye akaunganisha tarehe. Suala likafika kwa mjumbe.

Mei, kwa hasira, Mzee alikwenda duka jingine akanunua chupa iliyofungwa vizuri, yenye lebo: glaifoseti, dawa inayoingia kwa jani na kushuka hadi chini, gramu 360 kwa lita. Kijana akafyeka motomoto kwanza "ili dawa ifike chini", akachota maji ya kisima, akapulizia siku ya jua. Siku ya nne Mzee alikagua na kuona kijani. Wiki ya tatu kulikuwa na mabaka ya njano, na wiki ya sita hata hayo yamepotea. Akatamka neno ambalo kila mkulima wa Dar analo mdomoni tayari: feki.

Juni: kuchimba kwanza

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na dawa gani?"

Nilikuwa na uma wa bustani na ndoo. Alinitazama kama mtu aliyeagiza daktari akaletewa mchimba kaburi.

Tulianza bustanini. Niliukita uma, nikanyanyua bonge la udongo, nikalivunjavunja taratibu. Ndani kulikuwa na kitu kama shanga: viazi vidogo vyeusi, kila kimoja sawa na punje ya kunde au kubwa kidogo, vimeunganishwa na uzi mwembamba mgumu. Nilivihesabu kwenye kiganja cha Mama, vikafika kumi na kimoja. Juu ya ardhi palikuwa na miche miwili tu. Vingine vyote vilikuwa vimelala. Mnyororo ukiwa mzima, kiazi cha mbele huwazuia wenzake wasichipue. Ukikatwa, kila kimoja hujitawala. Trekta la Novemba lilikuwa limekata minyororo hiyo kwa maelfu.

Upande wa juu tulichimba motomoto. Mashina yake yanayotambaa chini ya ardhi ni meupe, ya magamba, na ncha yake ni kali kama sindano ya kushonea magunia. Mojawapo lilikuwa limepenya mzizi wa muhogo, likatokea upande wa pili. Mzee alilichomoa akalizungusha vidoleni muda mrefu.

Lililobaki ni fumbo la Mei. Chupa ilikuwa nzima, jina la kiambato lipo, namba ya usajili ya kiuatilifu ipo, tarehe haijapita. Dalili za feki sikuziona. Nilipoomba maji ya kunawa, Mama akanipa kipande cha sabuni na kunionya, "Usihangaike, mwanangu, maji ya hapa hayatoi povu." Nikaomba nione birika. Ndani lilikuwa na magaga meupe, unene wa ukucha.

Maji yanayopita kwenye matumbawe hubeba kalsiamu na magneziamu kwa wingi. Madini hayo hayo yanayokataa povu huishika glaifoseti ndani ya bomba, kabla haijagusa jani, na jani huinyonya kwa shida ikiwa imeshikwa. Udongo nao huishika, ndiyo maana maji yenye tope hayafai. Kijana alikuwa amepulizia dawa halali iliyokwisha kufa kwenye bomba. Na kwa kuwa alikuwa amefyeka, hata ile iliyosalia ilikosa jani la kuingilia.

Sikutaka waniamini kwa mdomo. Tulipima vipande vitatu kwenye motomoto iliyokuwa imefika magotini, kila kimoja hatua tano kwa tano, tukavitia vigingi na kuvifunika vigingi kwa chupa tupu za maji. Dawa ile ile ya Mei, kipimo kile kile cha lebo. Cha kwanza kilipata maji ya kisima. Cha pili maji ya mvua kutoka tangi la paa. Cha tatu maji ya kisima yaliyotiwa kwanza mbolea ya SA (salfeti ya amonia), gramu 200 hivi kwa bomba la lita 16, ikayeyushwa na kuchujwa kwa kitambaa cha kanga ili isizibe nozeli, ndipo dawa ikafuata. Salfeti iliyo kwenye SA huyakamata yale madini yasiifikie dawa, na amonia hulisaidia jani kuinyonya.

Glaifoseti ni ya polepole. Nilimwomba Mzee asiende kukagua hadi siku ya kumi. Alikwenda siku ya tatu, ya tano na ya sita, Kijana alinieleza. Siku ya kumi na nne kipande cha pili na cha tatu vilikuwa rangi ya majani makavu ya mgomba, na shina la chini ukilivunja ni la kahawia. Cha kwanza kilikuwa na njano hapa na pale, kama mtu mwenye homa ndogo.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kulitazama shamba kama kitu kimoja. Tuliligawa: juu, bustani, njia na sakafu ya vijiwe, na uzio.

Kwa upande wa juu tuliamua glaifoseti itumike mara moja kwa eneo lote, kisha kugusia tu panapochipua, na mara hiyo hiyo ardhi ifunikwe. Mama aliuliza kuhusu saratani, na swali lake lilistahili jibu la kweli. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka za Marekani na za Ulaya zilipima upya zikaona hatari hiyo haielekei ikitumiwa kwa kufuata lebo. Sikumchagulia upande. Nilimwambia kwamba njia ya kuipunguza hatari, vyovyote iwavyo, ni kupulizia mara chache na kutoiruhusu iguse ngozi: gambuti, suruali ndefu, glovu, kitu cha kuziba macho, na kuoga kabla ya kula. Kijana hakupewa bomba hadi vitu hivyo viliponunuliwa. Mzee aliona gharama, Mama akalipa.

Rafiki wa Mzee alikuwa na chupa ya parakwati, akaisifu kwamba inaunguza ndani ya siku moja. Niliikataa moja kwa moja. Huunguza jani tu, haishuki kwenye shina la chini, kwa hiyo kwa motomoto ingekuwa moto wa Januari kwa bei ya juu. Na kubwa zaidi, mtu akiimeza hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Funda moja linatosha kuua. Ulaya ilishaifungia tangu 2007. Kwenye nyumba ambayo imeshaonekana dawa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, nisingelala.

Cha kufunikia, nilipendekeza mukuna, mmea unaotambaa na kutia kivuli kizito. Motomoto haivumilii kivuli. Kijana alipoiona picha aligoma. "Huo ni upupu, dada." Ni ndugu wa upupu, aina isiyowasha, lakini ndugu ni ndugu. Tukashauriana na Mama, akasema matembele. Sikulifikiria, na lilikuwa wazo bora kuliko langu: marando yanapatikana bure kwa majirani, hufunika ardhi upesi, na wateja wa majani ya matembele hawakosekani Dar es Salaam.

Kwa ndago tuliamua kutotumia dawa bustanini. Glaifoseti huua kiazi kilichounganika na jani lililo hai, vilivyolala havisikii. Ingebidi kurudia mara nyingi, katikati ya mboga. Badala yake tuliutumia ukame wa Julai hadi Septemba: kuchimba kwa uma, si kwa jembe wala trekta, kipande kimoja kwa wakati mmoja, kuokota viazi vyote vinavyoonekana, na kuvianika juu ya bati. Viazi vya ndago vingi hukaa kwenye udongo wa juu, kina cha kiganja kimoja hivi, na jua likivipata vikiwa wazi hukauka na kufa.

Njiani na kwenye vijiwe, dawa za nyumbani zilipata kazi yake. Maji yanayochemka kwa miche iliyoota kwenye nyufa. Siki iliyosalia kwa miche michanga ya kishona nguo, ikiwa na majani mawili matatu. Chumvi hapana.

Kupulizia kukawekewa saa: baada ya umande kukauka, kabla ya saa tatu asubuhi, upepo wa baharini haujaamka. Jirani aliarifiwa siku moja kabla, kila mara.

Kilichotokea

Upande wa juu ulipuliziwa mwanzoni mwa Julai kwa maji ya mvua, na yalipokwisha, kwa maji ya kisima na SA. Baada ya wiki tatu nyasi kavu ililazwa iwe matandazo, matembele yakapandwa kwenye mashimo, na Kijana akayamwagilia kwa ndoo hadi vuli. Kufikia Desemba palikuwa pamefunikwa isipokuwa kona moja yenye mawe. Machipukizi ya motomoto yalikuwa yakitokea moja moja, na Kijana aliyagusia kwa sponji iliyofungwa kwenye fimbo.

Bustanini kazi ilikuwa nzito na ya kuchosha, na haikwisha. Walichimba nusu ya eneo, si lote, kwa sababu vibarua wawili walikimbia. Kwenye nusu iliyochimbwa ndago ilirudi kidogo, mkono unaiweza. Nusu nyingine Mama aliifunika kwa nailoni nyeusi na maboksi, akaiacha.

Mwezi wa Agosti kulitokea jambo ambalo ni kosa langu. Mama alikuwa ameotesha nyanya nyuma ya jiko. Vidukari vikaingia, Kijana akazipulizia dawa ya wadudu, na baada ya siku chache majani ya juu yakajikunja na kujipinda, membamba. Niliyajua mara moja, maana niliyaona kwenye mipapai. Ile chupa ya maji ya Machi haikuwa imekwisha. Julai Kijana aliitumia kwa kishona nguo za njiani, akasuuza bomba kwa maji mara moja, na bomba hilo hilo likaenda kwenye nyanya. Nilikuwa nimeuliza kuhusu maji, upepo, saa na majani. Sikuuliza mabaki ya dawa ya kwanza yako wapi, wala kuna mabomba mangapi.

Kwa harufu, kwa ilivyoua majani mapana na kuziacha nyasi, na kwa jinsi ilivyoipinda mipapai na nyanya, sina shaka sana kwamba ile dawa ilikuwa ya jamii ya kiuagugu kiitwacho 2,4-D. Huigiza homoni ya mmea. Majani mapana hukua kiholela hadi yanajinyonga, nyasi hazidhuriki. Motomoto ni nyasi. Dawa ilikuwa inafanya kazi yake barabara, kwenye majani ambayo hayakuwa tatizo. Na nyanya huathirika na kiasi kidogo kinachobaki ndani ya mpira wa bomba, kiasi ambacho jicho halikioni. Nyanya ziling'olewa. Bomba la pili lilinunuliwa, la magugu likapakwa rangi nyekundu mkononi na kwenye tangi. Chupa iliandikwa, ikafungwa na kupelekwa kwa afisa kilimo wa kata.

Kwa jirani, Mzee alikwenda mwenyewe na miche ya mipapai na kuomba radhi. Mipapai iliyopuliziwa ilitoa majani mapya mazuri baadaye, lakini msimu ule wa matunda ulipotea, na fidia ya msimu huo walielewana wao kwa wao. Sikuuliza kiasi.

Uchambuzi

Ukisoma miezi minane ya mwanzo utaona kila mmoja alijiuliza nimwagie nini. Hakuna aliyeinama akachimba. Siwalaumu sana. Duka nalo halikuuliza, na ujumbe wa simu hauwezi kuuliza. Lakini maswali mawili ya muuzaji (ni nyasi au majani mapana? linarudi kutoka kwenye mbegu au chini ya ardhi?) yangeokoa mipapai ya mtu na fedha za siki, ambazo kwa hesabu ya Mama zingelipa vibarua wawili siku kadhaa.

Dawa za nyumbani zimedharauliwa na wataalamu na kutukuzwa na mitandao, na pande zote mbili zinakosea. Siki ya dukani ina asidi kiasi cha asilimia 5. Huunguza inachogusa, basi. Kwa mche wa wiki moja hicho kinatosha, maana hauna akiba chini. Kwa ndago yenye viazi kumi chini ni sawa na kumnyoa mtu nywele. Maji ya moto ni hivyo hivyo, ila hayaachi kitu kwenye udongo, na kwenye nyufa za vijiwe sijaona kinachoyashinda kwa bei. Ile picha ya siku ya kwanza kwenye simu ya Mzee ndiyo ilimpotosha: jani likikauka jioni ile ile, mtu hawezi kuamini kwamba mmea haujafa. Na glaifoseti ya Juni, ambayo ilikuwa ikiua kweli, alishindwa kuisubiri siku kumi. Haraka ya dawa kuunguza jani na uwezo wake wa kuua mmea havina uhusiano, na hilo ndilo gumu zaidi kulieleza shambani.

Chumvi ni suala jingine. Mnazi huivumilia, ndiyo maana watu wa pwani hawaiogopi. Nyanya na mipapai haziivumilii vizuri. Kwenye mchanga wa Kigamboni mvua huishusha baada ya muda. Kwenye udongo wa mfinyanzi ingekaa na kuugandisha udongo. Tulibahatika na aina ya udongo, hatukuwa na busara.

Kuhusu neno feki: bandia zipo, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, ndiyo husajili viuatilifu na kuwapa vibali wauzaji. Namba ya usajili kwenye lebo ndicho kitu cha kwanza kukagua, na chupa isiyo na lebo hainunuliwi hata kama muuzaji ni shemeji yako. Lakini katika kisa hiki dawa isiyo na lebo ndiyo iliyofanya kazi, na yenye lebo ndiyo iliyoshindwa, kwa sababu ya maji. Ningekuwa nimekubali neno la Mzee tungenunua chupa ya tatu, tukaichanganya na maji yale yale. Sehemu nyingi za pwani ambako sabuni haitoi povu, natilia shaka lawama ya feki hadi nione birika.

Virusi au upepo wa dawa? Jirani alihitaji jibu hilo kwa mjumbe na hakuna aliyeweza kumpa. Virusi vya mpapai huanza mti mmoja hapa, mwingine kule, na jani huwa na mabaka ya njano na kijani. Dawa iliyopeperushwa hupiga mstari wa mpakani wote kwa wakati mmoja, ukali unapungua kadiri unavyoingia ndani, na majani yanayotoka baadaye hupona. Mimi nilifika Juni na bado mstari ulikuwa unasomeka.

Kilichofanya kazi kwa motomoto si glaifoseti peke yake. Kona ya mawe ilipuliziwa siku ile ile, kwa maji yale yale, na ndiko ilikorudi, kwa kuwa matembele hayakushika huko. Kwa ndago hatukushinda. Tulipunguza. Kama ningerudi nyuma ningeanza na eneo dogo la tuta nne, lisafishwe kabisa, badala ya kuwaanzishia kazi ya nusu ekari iliyowakimbiza vibarua.

Nilipita tena baada ya masika yaliyofuata. Mstari wa oili kwenye uzio bado ulikuwa mweusi, hauna hata mbigili. Pale palipomwagwa chumvi mvua ilikuwa imeshapasafisha na kijani kimerudi. Kijana alikuwa amechuchumaa hapo na uma, ameshika kitu kiganjani. Cha kwanza kuota kilikuwa ndago.